Nimepewa cheo kazini, lakini jioni wanangu watabaki na nani?

Assalaam aleikum mshauri,

Nina miaka 33 na watoto wawili: binti wa miaka 10 aliye Gredi ya 5, na mvulana wa miaka mitatu ambaye Disemba atatimiza minne. Baba yao aliniacha mdogo akiwa bado ananyonya. Sasa ana mke mwingine Changamwe. Akijisikia hutuma shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Asipojisikia, mteja hapatikani mwezi mzima.

Tunaishi Likoni, chumba na sebule, kodi 6,500. Kazi yangu ni kusafisha na kutandika vyumba vya wageni kwenye hoteli moja upande wa Nyali. Zamu ya asubuhi huanza saa moja na kwisha saa tisa, kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri niko stejini. Nashuka feri, navuka na umati, kisha natafuta matatu nyingine. Jioni foleni ya feri ikiwa nafuu, saa kumi na moja na nusu nishafika. Yaya wangu ni mama jirani. Namlipa 5,500 kwa mwezi, na ikigonga saa kumi na mbili lazima aondoke kwa sababu naye ana wanawe wanaomngoja.

Mwezi uliopita supavaiza wetu aliacha kazi, nikaambiwa nishike nafasi yake nijaribiwe. Hapo ndipo nilipoanza zamu ya alasiri, saa nane mchana hadi saa nne usiku. Nilikuwa nafika nyumbani saa tano na nusu, siku nyingine karibu saa sita. Tangu yaya aondoke hadi nirudi, binti yangu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alipasha chakula, akamwosha mdogo wake, akamlaza, kisha akakaa macho anifungulie mlango. Usiku mmoja aliungua mkono akiepua sufuria ya maharagwe. Alipaka dawa ya meno akanyamaza, mpaka asubuhi nilipoona lengelenge. Haukupita muda mwalimu wa darasa akanipigia: binti yako analala darasani, kuna nini nyumbani? Nikasema alikuwa na homa. Nilipomuuliza mwenyewe aliniambia, "Mama, mimi naweza, usijali."

Sasa wananipa cheo rasmi. Mshahara utatoka 24,000 hadi 32,000. Kila wiki siku tatu za alasiri, tatu za asubuhi, moja ya ofu. Meneja anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Mama yangu yuko Msambweni, anasema nimpelekee mdogo akae naye mpaka nijipange. Dada yangu anasema mama anayegawa watoto asije akalia wakimsahau. Wenzangu kazini wananiambia mshika mbili moja humponyoka, nichague. Mshauri, nikubali cheo nimpeleke mtoto kwa bibi yake, au nikatae nibaki na mashuka yangu?

Mama Wawili, Likoni

JIBU

Waaleikum salaam, Mama Wawili.

Pole kwa mzigo, na hongera pia. Wamekujaribu kwenye nafasi ya supavaiza wakakutaka, na hilo usilifiche chini ya majuto.

Umeyaeleza mambo kana kwamba cheo kiko mkono huu na watoto mkono ule. Nikiisoma barua yako tena naona jambo dogo kuliko hilo, na lenye mipaka. Zamu ya asubuhi umeimudu, kwa taabu lakini umeimudu. Kinachokutesa ni muda wa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi karibu saa sita usiku, siku tatu kwa wiki, ambapo hakuna mtu mzima ndani ya nyumba yako. Kila njia unayoiwaza ipime hapo kwanza: je, inamweka mtu mzima pale, au haimweki?

Na kuna jingine, dada yangu. Swali lako lote linamhusu mdogo, ilhali aliyeungua ni mkubwa na anayesinzia darasani ni mkubwa. Ukimpeleka mdogo Msambweni kisha ukashika zamu ya alasiri, binti wa miaka 10 atabaki peke yake usiku. Kazi zitapungua, mlinzi hatakuwa ameongezeka.

Kusinzia kwake kuna hesabu. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Tuseme anaamka saa kumi na moja na nusu kujitayarisha kwa shule. Ili apate hata zile saa 9, inabidi saa mbili na nusu usiku awe ameshalala. Akikungoja mpaka saa tano na nusu anapata saa 6, tena za wasiwasi, maana sikio moja liko mlangoni. Huko si uvivu wala ukaidi, na hakuna somo la ziada litakaloliponya. Mwalimu aliyekupigia simu si adui. Ukimwambia ukweli, kwamba zamu ilibadilika na unatafuta suluhisho, atakuwa jicho lako la mchana. Ukibaki na hadithi ya homa, akimwona anasinzia tena ataanza kushuku mengine.

Kuhusu jikoni sitasubiri uamuzi wako, kwa sababu hata ukikataa cheo ipo siku utachelewa feri. Valvu ya mtungi wa gesi ifungwe kabla hujatoka, na jioni hiyo kusiwe na kupika wala kupasha. Jiko la makaa lisiwashwe ndani kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Chakula cha nazi kilichopikwa mchana huchacha upesi kwa joto letu, kwa hivyo kama huna friji acha vitu visivyohitaji moto: chapati, mayai ya kuchemsha yenye maganda yake, ndizi, chai kwenye chupa. Mfundishe binti kwamba kidonda cha moto huwekwa chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, au humiminiwa kwa kikombe kama bomba limekauka. Dawa ya meno na mafuta hufungia joto ndani na kumchelewesha daktari. Mlango ufungwe kwa ndani, na ufunguo uning'inie anapoufikia. Kufuli la nje halifai hata kwa dakika 10, maana moto ukizuka hawatoki. Haya hupunguza hatari tu. Mtu mzima bado anahitajika.

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu 8,000 unazoziona si 8,000. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa 24,000 hukatwa asilimia 6 ya NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za serikali, na kodi ya mapato humezwa na nafuu ya 2,400. Mkononi hubaki kama 21,540. Kwenye 32,000 makato hayo hupanda, na kodi ya mapato nayo huanza kukuuma, kama 1,180. Mkononi hubaki 27,540. Cheo kinakuletea 6,000.

Toa hapo gharama za usiku. Siku tatu kwa wiki ni kama jioni 13 kwa mwezi. Mtu wa kukaa na watoto ukimpa 250 kwa jioni ni 3,250. Bodaboda ya kutoka feri hadi nyumbani usiku, tuseme 100, ni 1,300. Umebaki na 1,450, na hujanunua kitu. Weka bei zako halisi mahali pa hizi zangu. Sikuambii ukikatae, supavaiza wa leo anaweza kuomba kazi kubwa zaidi kesho, na hilo lina thamani ambayo haimo kwenye hesabu hii. Ila kama ulidhani cheo kitalipa karo na kubakisha akiba tangu mwezi wa kwanza, pengine hakitafanya hivyo.

Hesabu hiyo inaweza kubadilika ukizungumza na meneja kabla ya kumjibu. Naona umechukua ratiba aliyokupa kama amri. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Haimlazimishi mwajiri kupanga zamu kwa kufuata watoto wako, kwa hivyo hapa unaomba, hudai. Lakini yeye anakutaka, na wakati wa kuomba ni kabla ya kutia sahihi. Omba kwa barua fupi: ratiba itoke wiki mbili kabla, alasiri zako ziwe siku zilezile kila wiki, na mbili kati yake ziangukie Ijumaa na Jumamosi. Usiku wa siku hizo binti hana shule kesho yake. Wikendi ndipo hoteli hujaa na wengi hukwepa zamu, kwa hivyo huenda ombi hilo likamfurahisha meneja kuliko unavyodhani. Uliza pia gari la kuwarudisha wafanyakazi wa usiku linafika wapi. Baadhi ya hoteli huwa nalo. Hata likikuacha feri tu, limekuondolea kusimama barabarani saa nne usiku. Mwisho, omba miezi mitatu ya majaribio, na iandikwe kwamba isipowezekana utarudi kwenye nafasi yako ya zamani. Ahadi ya mdomo haitoshi, mameneja huhamishwa. Hatari ipo: anaweza kuona masharti ni mengi akampa mwingine. Jiulize ni lipi kati ya hayo huwezi kuishi bila hilo, ulitangulize hilo.

Kuhusu yaya, umejifungia kwenye wazo la mtu mmoja. Siku za alasiri unatoka nyumbani kama saa sita mchana, kwa hivyo asubuhi yaya hahitajiki. Mama jirani anaweza kubaki na siku zako tatu za asubuhi, na mtu mwingine akashika tatu za alasiri, kuanzia saa sita hadi kesho yake alfajiri. Nasema alfajiri kwa sababu usitarajie mwanamke aondoke kwako karibu saa sita usiku, alale. Zile 5,500 zinagawanyika, kisha unaongeza malipo ya usiku. Zungumza na mama jirani mapema na kwa heshima, maana kipato chake kitapungua, na yaya aliyeudhika huondoka siku usiyoitarajia. Huyu mpya nakili kitambulisho chake, ongea na mtu aliyewahi kumwajiri, na akae na watoto siku mbili wewe ukiwapo. Ratiba ya usingizi ibandikwe ukutani, na binti ajue kwamba mtu huyo ndiye mwenye kufungua mlango. Dawa za usingizi au za mafua zisitolewe bila kukupigia simu. Mtoto anayekutwa amelewa usingizi jioni baada ya jioni ni wa kuulizia, iwe ni kwa yaya au deikea.

Msambweni sasa. Dada yako ametumia neno zito, kugawa watoto. Pwani yetu hii watu wangapi wamelelewa na bibi na wanawajua mama zao vizuri sana? Tofauti huwa kwenye mpango. Mtoto aliyepelekwa "mpaka nijipange" hukaa miaka bila mtu kukusudia. Aliyepelekwa kwa muhula mmoja, na tarehe ya kurudi ikajulikana na wote, ni habari nyingine. Mtoto wa miaka mitatu akitenganishwa na mama na dada yake anaweza kurudi kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo, au kukununia unapomtembelea. Mara nyingi hupita, lakini itakuuma, na ni vizuri ujue mapema. Muulize mama yako bila haya: presha yako ikoje, miguu je, utamkimbilia akielekea barabarani? Mtoto aende na kijitabu cha kliniki, nakala ya cheti cha kuzaliwa na chandarua, maana malaria bado iko kwetu. Hakikisha ameandikwa SHA, mamlaka inayosimamia ile bima ya SHIF, kama mtegemezi wako, bibi asipate shida hospitalini. Na kumbuka Januari atakuwa na umri wa kuanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Akianzia huko, kumrudisha katikati ya mwaka ni kumng'oa mara ya pili.

Je, umewahi kumuuliza mama yako kama anaweza kuja yeye, hata kwa ile miezi mitatu ya majaribio? Kwenye barua yako mtoto ndiye anayesafiri. Huenda bibi ana shamba, mume au kuku wasioweza kuachwa, sijui. Lakini akija, watoto wote wawili wamepata mtu mzima.

Kuhama pia ni njia. Upande wa Kisauni au Bombolulu unakwenda kazini bila feri, na saa hizo zinarudi kwa watoto. Bei yake ni amana ya nyumba, kodi ya kwanza, pikapu, na kumpoteza mama jirani. Kama utalifikiria, likizo ya Novemba na Disemba ndiyo nafasi ya kumhamisha binti, kabla hajaingia Gredi ya 6 yenye mtihani wa kitaifa.

Nimemwacha baba yao mwisho kwa sababu wewe pia umemtaja upesi ukampita. Umeandika "akijisikia", kana kwamba matumizi ni sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeshikilia hapohapo. Kuoa mke mwingine hakufuti wajibu huo. Njia isiyo na kelele nyingi ni ofisi ya watoto ya serikali iliyo karibu nawe. Nenda na vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alichotuma na lini, na karatasi ya matumizi ya mwezi yenye risiti: kodi, chakula, yaya, shule, hospitali. Afisa humwita, mkaandikiana. Asipotokea au akivunja makubaliano, kuna mahakama ya watoto pale Tononoka. Kama talaka yenu ilipitia kwa kadhi, muulize pia afisa wa mahakama ya kadhi palipofikia suala la matumizi.

Hatari zake uzijue. Anaweza kukasirika akakata hata hizo 3,000 kwa muda, au akaomba watoto wakae kwake. Ikifika hapo, wataangalia maslahi ya mtoto kwanza, na watoto wawili kubaki peke yao usiku ni jambo atakaloweza kulitumia dhidi yako. Ndiyo maana ningependa pengo la jioni lizibwe kabla hujaenda ofisini. Si lazima uombe pesa taslimu tu. Wengine hukubali kwa urahisi kulipa karo moja kwa moja shuleni, au kumlipa yaya wa usiku, kwa sababu wanaona pesa zinakwenda wapi. Kama unamwamini na nyumba yake ni salama, hata Jumamosi moja kati ya mbili inaweza kuwa zamu yake. Kama humwamini, usijilazimishe kwa sababu ya cheo.

Usiku ambao mambo yamekwama na huna wa kumpigia, nambari 116 ya kusaidia watoto haina malipo, na binti aijue kichwani pamoja na yako na ya mama jirani.

Kabla ya kumwandikia meneja, kaa na binti yako. Si usiku ukirudi umechoka. Siku yako ya ofu, mkitandua nguo au mkimenya viazi. Usimuulize kama anaweza, maana jibu lake unalijua, na mtoto anayempenda mama yake atasema anaweza mpaka aanguke. Muulize ni saa ngapi jioni ndiyo ndefu kuliko zote, anaogopa sauti gani, na angependa nani awe pale ukiwa hujarudi. Akitaja jina, anza na huyo.